Pete ya Mama Kamanda

Asubuhi ambayo Mizani ilimtaja mama yake mzazi, Kamanda Skolastika Kihwele alikuwa amekunywa chai nusu kikombe, na ile nusu nyingine hakuimaliza.

Ilikuwa Jumatano ya mwisho ya mwezi, siku ya majina. Pale kituo cha polisi cha Lugoda Mpya, Inspekta Chaula alivuta pazia, akafunga mlango, akaiambia Mizani iseme. Na Mizani yenyewe si kitu cha kutisha ukikiona. Ni sanduku tu, ukubwa wa debe la unga, limekaa kwenye kona karibu na birika. Likaanza kutaja waliomtukana mchezaji wa mpira mwezi huo, jina baada ya jina, kwa sauti ambayo si ya mwanamume wala ya mwanamke, sauti isiyochoka.

"Apolonia Mhema," likasema. "Mtaa wa Mianzi. Jumbe mbili kwa Lazaro Gama. Zote nzito."

Chaula akatazama dirishani, ijapokuwa pazia lilikuwa limefungwa.

"Afande," akasema, "ngoja nikaangalie kama gari limechajiwa."

"Gari lina chaji, Chaula."

"Basi nikahakikishe."

Akatoka, akaurudisha mlango polepole. Kamanda akabaki na lile sanduku, na juu ya sanduku palikuwa na kioo kidogo cheusi, ukubwa wa kifungo cha koti. Huo ndio ulikuwa ufunguo. Kamanda wa mji akiweka dole gumba pale na kutaja jina, jina hufutika, na hakuna swali linaloulizwa.

Siku hizo watu walikuwa wameacha zamani kubeba simu. Kila mtu alivaa pete kwenye kidole cha shahada, akitaka kuandika anachora kwenye kiganja cha mkono wa pili, na pete inapeleka. Unaweza kujiita jina lolote ukiandika. Lakini kidole kina mwendo wake. Kuna anayekandamiza, kuna anayeparuza, kuna anayesita kila akifika kwenye jina la mtu. Mizani iliujua mwendo wa kila kidole mjini, kama unavyomjua jirani yako kwa hatua zake kabla hajabisha hodi. Neno lolote lililoelekezwa kwa mchezaji lilipita kwanza pale kwenye kona, likapimwa. Jepesi liliendelea na safari. Zito lilizuiwa, mchezaji asijue hata kama liliandikwa. Kisha Ijumaa jina la mwenye kidole lilitundikwa kwenye ubao wa mwanga pale stendi, na pete yake ikalazwa mpaka msimu wa mpira uishe: inapokea, haitoi.

Ilikuwa sheria nzuri, iliyoletwa baada ya golikipa mmoja kijana kuacha mpira na kuacha kula. Kilichoiharibu ni dole gumba. Kamanda wa kabla ya Skolastika alifuta majina ya wanywaji wenzake, akafuta na la diwani mmoja, na siku mambo yalipojulikana watu walikuja wakamwaga pete zao mbele ya kituo, lundo zima, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Ilipita miezi mtu akiibiwa haendi polisi. Ataripoti kwa nani?

Ndipo akaletwa Skolastika. Siku ya kwanza alisimama stendi, kofia mkononi, akasema: "Ufunguo upo, ila mimi sitausogelea. Hata awe mtu wa nyumbani kwangu." Watu walimpigia makofi machache, yale ya kumpigia mtoto aliyesahau shairi lake katikati.

Na sasa huyu hapa, mtu wa nyumbani kwake.

Mikono akaitia mfukoni. "Nisomee," akaiambia Mizani.

Ujumbe wa kwanza uliandikwa usiku wa fainali, Lazaro Gama alipopaisha penalti na timu ya Radi ya Lugoda ikakosa kombe. Ulisema: *Hata binti yako mwenye vyuma miguuni angefunga ile. Mpe yeye jezi, wewe baki nyumbani umshikie mkongojo.*

Wa pili uliandikwa wiki iliyofuata, baba yake Lazaro alipofariki. *Poleni Wangoni. Mzee Gama ameona penalti ile, ameona bora aondoke kabla hamjapiga nyingine. Mzikeni akiwa amekaa, maana tangu mtoke huko kusini na ngao zenu hamjajua kupumzika. Na maharage ya Wahehe msiyale bure, lieni kwanza.*

Kwa huu wa pili Kamanda alijikuta anatabasamu peke yake. Halafu tabasamu likamtoka.

Hakuna mtu wa Lugoda asiyejua kwamba Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, mikuki ilipowekwa chini wakabaki kutukanana. Mngoni akifiwa, Mhehe huja msibani akamtukana marehemu, akaingia kaburini kulipima, akakataa kutoka mpaka abembelezwe. Na mtu huyohuyo ndiye anayechota maji, anayepika, anayeshika jembe kuchimba. Bila yeye msiba unakuwa mzito mno kwa wenye msiba. Hayo Mizani haikuyajua. Waliotengeneza Mizani walikaa mji wa mbali, wakailisha matusi yote ya duniani, na hakuna aliyekumbuka kuipeleka msibani.

Chaula akarudi. Akatazama kioo, akamtazama Kamanda, akaona mikono bado iko mfukoni.

"Ule wa msiba ni utani, Afande. Hata mimi Mkinga naona."

"Na ule wa penalti?"

Chaula akajikuna shingo. "Huo ukiuita utani, kesho mji mzima watakuwa Wahehe. Hata mimi nitakuwa Mhehe."

*

Mama Apolonia alikuwa uani anachuja ulanzi, ile pombe ya mianzi, skafu ya Radi shingoni, ijapokuwa ligi ilikuwa mapumzikoni. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu na siku hizi hakuvuka geti.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mchana huu na magwanda? Umekuja kunikamata?"

Skolastika akaketi kwenye kigoda. Akaona hakuna njia ya kulizungukia. "Mama, ulimwandikia Lazaro Gama?"

"Nilimwandikia. Mara mbili." Mama hata hakusimamisha chujio. "Wala hakujibu. Mngoni gani huyo, anatukanwa anakaa kimya? Babake alikuwa na mdomo, yule. Aliwahi kuniambia sokoni kwamba Wahehe tukiona mbwa amenona tunaanza kumsalimia."

"Hakujibu kwa sababu hakuzipata. Mizani ilizizuia. Jina lako linatundikwa Ijumaa."

Sasa chujio likasimama. Mama akaifuta mikono kwenye kanga, akakaa vizuri.

"Nimetukana nani mimi? Nimemtania mtani wangu."

"Ule wa msiba, sawa. Ule wa mtoto je?"

"Mtoto yupi?"

"Binti yake, mama. Mwenye vyuma miguuni."

"Ah, ule." Akafikiri. "Ule niliandika nina hasira na penalti. Watu wote walikuwa wanaandika. Lakini si ni Mngoni yule? Mngoni nitamsema nitakavyo, na yeye atanisema atakavyo. Ndivyo tulivyolelewa."

Skolastika alimjua mama yake, hakuwa anajitetea kwa ujanja. Aliamini hivyo kabisa, kwamba utani ni shuka pana, unamfunika mtu na nyumba yake yote mpaka miguuni kwa watoto.

"Ukilazwa pete," Skolastika akasema, "hutampata Yordani huko migodini mpaka ligi iishe. Utamsikia tu. Yeye hatakusikia." Yordani alikuwa kitindamimba, na kila jioni mama alimwandikia kiganjani mpaka usingizi umchukue.

Bibi akalirudia chujio lake. "Na wewe una kile kidude cha kufutia."

"Ninacho."

"Sikuambii ufute."

"Najua hujaniambia."

"Ila nisikudanganye, mwanangu. Ningefurahi ungefuta."

*

Alipokuwa anarudi kituoni gari lilijiendesha lenyewe, naye akapata nafasi ya kuwaza. Kulikuwa na njia moja iliyo halali. Sheria iliruhusu mchezaji mwenyewe asomewe yaliyozuiwa, kama akitaka, aseme lipi limemuumiza na lipi halikumuumiza. Hakuna aliyewahi kulitumia kifungu hicho. Nani angependa?

Angeweza kumpelekea Lazaro jumbe mbili tu, za mama. Lakini huko kungekuwa kufuta kwa mlango wa nyuma, kwani wale wengine nani atawapelekea za kwao? Na kama atampelekea zote, atakuwa amekwenda kwa mtu aliyefiwa kumfungulia gunia la nyoka, kwa ajili ya mama yake. Upande wowote alioshika ulikuwa na miiba.

"Tutapeleka zote," akamwambia Chaula. "Bila majina. Na uzichanganye, nisijue ipi inafuata. Akikataa kusikia, tunarudi, majina yote yanapanda Ijumaa kama yalivyo."

"Na akikubali?"

"Atasema mwenyewe."

Nyumba ya Lazaro Gama bado ilikuwa na mkeka wa matanga sebuleni. Mkewe, Mama Osmunda, aliwapokea kwa adabu lakini bila kuchangamka. Lazaro alikuwa amekonda. Mtoto alikuwa kwenye mkeka anajifunza kusoma, vyuma vya miguu vikigongana kila akijigeuza.

Kamanda alieleza yote, isipokuwa jina moja. Akasema wazi kwamba anaweza kukataa, na kwamba mengi aliyoyabeba ni mabaya.

"Yapo, basi," Lazaro akasema. "Nilidhani watu wameninyamazia. Unajua nilivyomzika baba? Kimya, kama tunazika mgeni. Watani hawakuja. Wawili watatu walichungulia getini wakaondoka, wanaogopa pete zao zisije zikalazwa. Mtu kama baba yangu, azikwe bila kutukanwa."

"Usisikilize," mkewe akasema. "Tumeshaanza kulala."

Lazaro akamtazama mkewe muda mrefu. "Nikikaa bila kujua, nitawashuku wote. Nikienda dukani namtazama muuzaji, najiuliza. Acha nisikie."

Mama Osmunda akamwinua mtoto, akampeleka kwa jirani, hakumwangalia Kamanda alipopita.

Chaula akaweka kisanduku kidogo mezani, mtoto wa Mizani. Kikaanza. Mimi sitayarudia yote. Kulikuwa na waliomwombea avunjike, kulikuwa na aliyeeleza atakavyomsubiri njiani. Lazaro alisikiliza viwiko magotini, baada ya kila moja akisema neno lile lile, "Zito," kwa sauti iliyozidi kushuka. Moja likamfanya ainue kichwa, akasema, "Huyu tulisoma naye," bila kutaja ni nani.

Ndipo ukaja ule wa msiba. Kisanduku kikausoma bila kupanda wala kushuka, *mzikeni akiwa amekaa*, na mabega ya Lazaro yakaanza kutikisika. Kamanda alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Maharage ya Wahehe," akasema. "Lile gunia. Liliachwa mlangoni siku ya mazishi, hatukujua limetoka wapi, mke wangu aliogopa kulipika." Akacheka tena, na safari hii kicheko kikageuka, akajifuta uso kwa mkono wote. "Azikwe akiwa amekaa. Mzee angelipenda hilo. Huyu ni mtani. Andika huyu ni mtani."

Chaula akasema ameandika. Kamanda akavuta pumzi, na hakuwa ameimaliza kuivuta, kisanduku kikaendelea: *Hata binti yako mwenye vyuma miguuni...*

Lazaro akautazama mkeka, pale mtoto alipokuwa amekaa. Kitabu chake kilikuwa bado kimefunguka.

"Huu nao unafanana na wa mtani," akasema. "Una uchezaji wa mtani." Akageuka. "Wewe ni Mhehe, Kamanda. Unasemaje? Ni utani huu?"

Neno moja lilitosha. Asingekuwa ametumia dole gumba, asingekuwa amegusa kioo.

"Mimi sisemi," akajibu. "Sheria imekupa wewe."

Lazaro akakubali kwa kichwa.

"Mtani ananitukana mimi, ananitukania marehemu wangu, maana mimi naweza kumrudishia na marehemu hasikii. Osmunda hana mtani. Ana miaka saba, na anajua kusoma. Kila jioni anaishika pete yangu ananisomea salamu. Ungefika huu, angeusoma yeye." Akainama, akakifunga kile kitabu. "Zito. Zito kuliko yule wa kunivunja."

Kisanduku kikazimwa. Chaula akaanza kuzungusha waya ambao haukuhitaji kuzungushwa.

"Lazaro," Kamanda akasema. "Ule wa maharage na huu wa mtoto ni za mtu mmoja. Ni mama yangu."

Yule mchezaji hakushtuka sana. Labda alikuwa amechoka kushtuka. "Ungeniambia mapema."

"Ningekuambia mapema, ungenionea huruma."

"Kweli ningekuonea." Akafikiri. "Sasa siwezi tena. Nimeshasema."

"Ndiyo. Umeshasema."

*

Ijumaa stendi ilijaa kuliko kawaida, habari zilikuwa zimetangulia. Ubao ukawaka. *Apolonia Mhema* lilikuwa la nne kutoka juu, herufi sawa na za wengine.

Kamanda akapanda kwenye kile kijukwaa cha kukatia tiketi.

"Mnaliona jina. Ni mama yangu, anajulikana. Alituma jumbe mbili. Mmoja ulikuwa wa utani wa msibani, Mizani ikauzuia, ilikosea. Na kosa hilo ni langu pia, maana nimekaa nayo chumba kimoja mwaka mzima sijaiambia kwamba watu wetu hufarijiana kwa matusi. Wa pili haukuwa utani. Kwa huo pete yake imelazwa. Kuanzia leo mchezaji anayetaka ataulizwa, na anayetaka kuachwa ataachwa."

Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma, mikono yenye masizi, akasema kutoka mbele pale: "Na huo mmoja uliosamehewa, tutajuaje kama hukuusamehe wewe?"

"Lazaro Gama ndiye aliyesema."

"Lazaro simwoni hapa."

"Hayupo. Sikumwita aje kunisafisha."

"Basi hatujui."

"Leo hamjui," Kamanda akakubali. "Nami sina la kuongeza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja akasema, si kwa kumwambia yeyote, "Jina lipo, lakini." Na yule wa mahindi akajibu, "Jina lipo," akageuza mahindi yake. Watu wakatawanyika polepole. Ila jioni ile, kijana mmoja alikuja kituoni kuripoti kwamba ameibiwa betri ya sola ya paani. Chaula alimwandikia maelezo kwa mwandiko wa kadi ya harusi.

*

Jumapili baada ya misa, Skolastika alikuwa uani kwa mama yake anamenya viazi, bila sare. Kidole cha shahada cha bibi kiliendelea kuchora kiganjani, mazoea tu, na pete haikuitika. Yordani alikuwa ameandika usiku uliopita akiuliza, "Mama, mbona kimya, unaumwa?" Ilimbidi Skolastika amjibu kwa pete yake yeye, na bibi alikuwa amekaa pembeni akitazama maneno yake yakiandikwa kwa kidole cha mtu mwingine.

Kilio kikasikika njiani. Kilio kikubwa, cha wanaume.

Geti likafunguka. Lazaro Gama aliingia mbele, kaniki kichwani, nyuma yake mabeki wawili wa Radi na golikipa, wote wanaomboleza kwa sauti, mmoja amebeba jembe begani. Majirani wakaanza kuchungulia juu ya ua.

"Tumesikia msiba," Lazaro akalia. "Tumesikia pete ya Mhehe imefariki. Maskini pete, imekufa kwa kuchoshwa na umbea. Tuonyesheni mwili."

Akajitupa chini kwenye udongo miguuni pa bibi, akaanza kugaagaa. Golikipa akachimba kishimo karibu na mianzi, akakipima kwa vidole, akasema kinatosha pete lakini hakitoshi ulimi wa mwenye pete, huo utahitaji kaburi la pili.

Mama Apolonia alikuwa ameinuka bila fimbo. "Ondokeni hapa, wakimbizi wa kusini," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Miguu haijui goli, inajua kuchimba tu? Kwanza shimo lenyewe limepinda, kama penalti zenu."

Walimrudishia, naye akawarudishia, mpaka majirani wakashikilia ua wasianguke. Skolastika alibaki na kisu na kiazi mkononi. Moyoni alipima kila neno, kwa mazoea ya kazi, akaacha.

Ulanzi ukaletwa. Wakanywa. Wale wengine walipokwenda kufukia kishimo, bibi akaketi karibu na Lazaro. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya chini, haina mchezo ndani yake.

"Mwanangu, ule wa mtoto. Nilikosea. Nilidhani ni utani na haukuwa utani. Naomba unisamehe."

Lazaro alizungusha kikombe. Alivua kaniki kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka gotini.

"Mke wangu hakutaka nije," akasema. "Silali vizuri tangu siku niliyosomewa, na yule niliyesoma naye sijui nitamwambia nini tukikutana." Alimtazama Skolastika kidogo, bila hasira, akarudi kwa bibi. "Ule wa mtoto bado ninao, bibi. Sijaweza kuutua. Nikiweza, nitakuja kukuambia mwenyewe. Leo nimekuja kwa ajili ya maharage."

"Haya," bibi akasema. "Utanikuta."

Akamwongezea ulanzi.